Mjumbe Asiyetaja Gumba

Mume wangu Gervase alimshuku hata padri aliyetufungisha ndoa. Kikulacho ki nguoni mwako, husema, na nguo zenyewe huzikung'uta kabla ya kuvaa. Vitani shuku hiyo ilimwokoa, na ndiyo iliyomfanya Mfalme ampe ngome ya Harrowmere aitunze. Ila Mfalme naye ni wale wale. Alimchukua mwanetu wa pekee, Hamo, akae kwake rehani. Baba akiasi, mtoto ananyongwa.

Siku ya kuagana, Mfalme alimshika Gervase kidole gumba. Mjumbe wangu wa kweli atakutajia gumba hili, akamwambia. Asipolitaja usimfungulie, hata akija na muhuri wangu.

Kabla ya mavuno akaja Odard, mtu wa Mfalme tuliyemjua vizuri, na barua yenye muhuri: ngome akabidhiwe yeye. Gervase alimsemesha kutoka juu ya lango.

"Mfalme hakukupa neno jingine?"

"Muhuri haukutoshi? Au unataka aje mwenyewe akubembeleze?"

"Neno jingine, Odard."

"Mwanao anakusalimu. Shingo yake bado nyembamba, bwana."

Nilimshika Gervase begani. "Mfungulie," nikamwambia mume wangu. "Mfalme ana mambo mengi, amesahau tu."

"Na kama Odard kamgeuka Mfalme?"

"Na kama hajageuka?"

Aliutoa mkono wangu begani mwake taratibu, akaamuru lango lisifunguliwe. Nilimchukia, na nasema hivyo bila kupepesa macho. Odard akageuza farasi, akaenda zake.

Mavuno hayajaisha, Hamo akarudishwa na mjumbe mwingine, aliyelitaja gumba kabla hajashuka kwenye farasi. Kumbe Odard alitumwa kutujaribu. Mfalme ameridhika, mjumbe akasema, lakini mtu asiyezuilika hata kwa rehani ya mwanawe, Mfalme atamzuia kwa kitu gani tena? Basi achukue mtoto wake, arudishe funguo.

Gervase alizivua funguo kiunoni bila kuzitazama. Akapiga magoti matopeni, akamkumbatia mwanawe. Mtoto hakuinua mikono.

"Baba, ulijua ni jaribio?"

"Nilishuku, mwanangu."

"Na kama ungekosea?"

Gervase akanigeukia nimjibie. Nikamshika Hamo mkono, nikampeleka ndani akale.