Rimu za Bafuni

Chebet aliijua harufu ya mkojo kuliko mtu yeyote katika lile jengo lao la Wheaton, huko Marekani. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Katika nyumba ya kulelea wazee aliwabadilisha, akawaosha, akawapaka mafuta na kuwavalisha nguo safi, na hata siku moja hakuwahi kukunja pua. Mzee asiyejiweza hana kosa. Kinyaa chake Chebet alikuwa amewawekea watu wanaojichafua kwa makusudi, na hao aliwaona kwa nadra, au ndivyo alivyodhani.

Basi alasiri aliporudi kutoka zamu na kupokewa na harufu ile mlangoni pake mwenyewe, alifikiri ni viatu vyake. Alivivua, akavinusa. Havikuwa viatu. Akaifuata pua yake mpaka bafuni, akavuta lile pazia la plastiki. Ndani ya bafu walimoogea, bafu alilolisugua Jumamosi mpaka likang'aa, zilikuwa zimelala rimu nne za gari katika maji ya manjano yanayotoa povu.

"Kipchumba!"

Mumewe akatokea jikoni na kikombe cha chai mkononi, ametulia tuli. "Usiguse," akasema. "Zinakaa hapo mpaka kesho."

"Ni nini hii umeweka kwa bafu yangu?"

"Chumvi. Na vinegar kidogo."

"Na nini tena?"

Kipchumba akanywa chai. Hapo Chebet akakumbuka swali aliloulizwa na mumewe majuzi, akadhani ni mzaha wa kipuuzi: kule kazini, ile mifuko ya mkojo wa wazee mnaimwaga wapi, na je, mtu hawezi kubebewa mmoja? Alimfukuza na mwiko. Kumbe mwenzake hakuwa anatania. Alipoukosa wa wazee, akatumia wake.

Ni lazima ieleweke Kipchumba alikuwa anafanya kazi gani, maana hata Chebet hakuwa ameelewa. Kanisani aliwaambia watu kwamba mume wake ni makanika. Kweli aliajiriwa kwenye gereji, kule Temple Hills, na mtu mmoja aitwaye Ryan, aliyeuza vipuri vya magari ya mbio ya zamani, hasa Corvette za miaka ya sitini. Nchi hii ina watu, wengi wao na mvi, ambao wikendi huyaendesha magari hayo kwa kasi ya kuua, na sharti lao ni moja: gari la mwaka sitini na tatu livae vitu vya sitini na tatu. Kabureta ya siku zile, rimu za siku zile, hata kofia ya radieta. Kitu kipya kwao ni aibu, hata kiwe bora namna gani. Kitu kikuukuu chenye madoa hupapaswa kama mtoto mchanga.

Sasa, vitu vya kweli vilishaanza kuadimika. Kwa wengine, siyo kwa Ryan. Ryan alikuwa na mtu wa kumyeyushia rimu mpya za magnesiamu kwa mfano wa zile za zamani, nyepesi, nyembamba kuliko zilivyopaswa kuwa, na kazi ya Kipchumba ilikuwa kuzizeesha. Kuziloweka. Kuzifukia kwenye udongo wenye maji. Kuzichapa kwa mnyororo, kisha kuzisiliba kwenye kona kwa masizi ya breki. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anayeheshimika toka Wheaton hadi Upper Marlboro, anakojolea vyuma ili vionekane na umri.

"Ni make-up tu, Chebet. Hata wewe si unapaka lipstick?"

"Lipstick yangu haibebi mtu! Hizi ni za nani?"

Akamjibu bila hata kupepesa macho. "Za Mzee Atiba."

Chebet akakaa juu ya kifuniko cha choo. Angetajiwa mtu mwingine yeyote labda angevumilia. Mzee Atiba alikuwa Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, aliyejifunza Kiswahili darasani kabla Chebet hajazaliwa, na alikisema kwa unyoofu uliowachekesha Wakenya wote. Alikuja kwao kula ugali kwa mboga na kuuliza maswali. Marehemu baba yake alikuwa akisukuma magari ya watu wengine kwenye uwanja wa zamani wa mbio pale Upper Marlboro, akiwabadilishia magurudumu, na hakuwahi kukaa kwenye usukani hata siku moja. Ndiyo maana Atiba alitaka Corvette yake iwe kama zile, kitu kwa kitu, hadi rimu. Alitaka kuendesha gari ambalo mikono ya baba yake ingelitambua.

Na mikono iliyolihudumia sasa ilikuwa imeshika kikombe cha chai mlangoni pa bafu.

Chebet alivuta kizibo. Maji yale yalipokuwa yakiteremka kwa mlio wa kuudhi, akachukua chupa ya Jik ya kuondolea madoa, akaimimina yote, na mumewe akapiga kelele kana kwamba amemwagiwa yeye. Rimu moja ilipata baka jeupe, kubwa, lenye ncha kama sikio la mbuzi. Alipokuwa akiisuuza hiyo, ukucha wake ukanasa. Akarudisha kidole. Chini ya mkono mmoja wa rimu, pale unapokutana na kitovu, palikuwa na ufa mwembamba, na ndani ya ufa mtu alikuwa ameshindilia filla ya kijivu ya kuficha mpasuko.

"Hii imepasuka."

Kipchumba akainama, akapitisha kidole juu ya ufa. "Hiyo nitamrudishia Ryan. Haki ya Mungu. Atatoa ingine."

"Na zilizobaki? Mwambie mzee ni feki."

"Nitamwambia. But wacha kwanza Ryan a-file papers zangu. Ame-promise mwezi huu. Nikimharibia saa hii, tunarudi Iten na nini?"

Chebet akafungua bomba la maji. Tusimtakase bure: na yeye pia alizitaka zile karatasi za ukaazi. Alijiambia kwamba rimu mbovu itarudishwa, kwamba feki isiyo na ufa ni uongo tu na siyo kaburi, na kwamba mtu aliyeapa ni mzee wa kanisa. Alisugua bafu mara ya kwanza, ya pili, akaacha kuhesabu. Kwa siku kadhaa aliogea kazini.

Siku ya mbio Mzee Atiba aliwachukua wote wawili, wakavuka mpaka wa jimbo kuingia West Virginia, wakafika uwanjani umande haujakauka. Chebet alikuwa amebeba chapati na chai ya maziwa. Alitembea kati ya magari akiwaona wanaume wazima wamelala chifudifudi kwenye nyasi, wakichungulia chini ya magari ya wenzao, wakihesabiana kasoro. Mmoja alimsuta mwingine kwa sababu ya vibanio vya mpira wa maji, eti si vya mwaka ule. Mkaguzi mmoja alivuta mikanda ya Atiba, akakanyaga breki, kisha akapiga magoti mbele ya gurudumu akaitazama rimu na kutikisa kichwa kwa mapenzi. Akaweka hata pua. Chebet alilazimika kugeuka upande wa pili, maana yeye alijua asili ya harufu aliyokuwa akiitafuta mkaguzi.

Ryan alikuwepo pia, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anapeana mikono na kila mtu kama mgombea wa kura.

Ndipo Mzee Atiba akawaita. Alikuwa amewahi kuona Wakenya wakiombea gari jipya kwenye maegesho ya kanisa, wote wamelizunguka, mikono juu ya boneti, na jambo hilo lilimwingia moyoni. "Ndugu Kipchumba," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "wewe ndiwe uliyeyafunga magurudumu haya. Ninakuomba uyaombee kabla sijaondoka."

Kipchumba akaangaza huku na huku. Hapakuwa na pa kukimbilia. Akapiga goti kando ya gurudumu la mbele, akaweka kiganja juu ya rimu, akafumba macho, na sauti yake ya Jumapili ikatoka yenyewe, nzito, tamu. Baba wa mbinguni, tunaliweka gari hili mikononi mwako. Lifunike, Baba. Kila chuma, kila nati. Vunja kila mpango wa adui.

Chebet hakuwa amefumba macho. Alikuwa akikitazama kiganja, na kilipojongea kidogo kwa ule mkazo wa maombi, kando ya kidole gumba likachomoza baka jeupe lenye ncha kama sikio la mbuzi.

Adui mwenyewe ndiye aliyepiga goti.

"Amina," akasema Mzee Atiba. "Amina," akasema Ryan, kichwa chini, kofia kifuani. Chebet alimshika mumewe kiwiko, akamvuta nyuma ya trela.

"Ni ile."

"Shh."

"Ni ile ya ufa, Kipchumba! Uliniapia!"

"Ryan alikosa ingine. Ameiangalia mwenyewe, amesema iko poa. Ni laps chache tu, Chebet. Wiki ijayo papers zinaenda. Tafadhali, usini-embarrass mbele ya hawa watu."

Alimtazama usoni, akimtafuta yule kijana aliyemwoa. Angeweza kupiga kelele pale pale, na gari lisingesogea. Lakini hakutaka kumsemea. Miaka yote alikuwa akimsemea: mume wangu ni makanika, mume wangu ni mtu wa Mungu. Safari hii alitaka neno litoke kwenye kinywa chake. Na kama lisingetoka, basi alitaka kulijua hilo pia, leo, mchana kweupe.

Waliporudi, Mzee Atiba alikuwa ameshavaa helmeti, injini inanguruma mpaka ardhi inatetemeka. Ilikuwa zamu ya kuwazungusha wageni kabla ya mbio zenyewe. Akaonyesha kile kiti cha pili. "Ndugu Kipchumba, karibu. Heshima hii ni yako. Kwenye sehemu iliyonyooka nitaikanyaga kidogo, uone kazi ya mikono yako."

"Aah, mzee, mgongo," akasema Kipchumba, akijishika kiuno. "Mgongo wangu umekataa kabisa."

"Basi nitaenda mimi," akasema Chebet.

Kabla mtu hajapinga, alikuwa ameshazunguka gari, ameingia, amejifunga mikanda mwenyewe kama alivyowafunga wazee kwenye viti vya magurudumu. Alikuwa akiogopa kweli. Mzee Atiba akampa helmeti, akacheka kwa furaha. "Dada Chebet! Twende polepole?"

"Hapana, mzee. Ikanyage sana."

Alikuwa akimwangalia mumewe. Kipchumba alisimama mdomo wazi, na kitu cha kwanza alichofanya, Chebet alikiona vizuri, kilikuwa kumtazama Ryan. Ryan akatazama uwanja. Ndipo Kipchumba akakimbia, akainama dirishani upande wa mkewe, uso umemvuja jasho, akaanza kusema haraka haraka.

Hakusema kwa Kiingereza. Kiswahili nacho alikikwepa, maana Kiswahili mzee alikijua. Alisema kwa Kikalenjin, lugha ya nyumbani kwao, sauti ya chini: shuka, mama, shuka sasa hivi, gurudumu hilo litavunjika, utakufa, shuka umwache aende.

Umwache aende. Chebet aliyasikia maneno hayo na kinyaa kikampanda, kikali kuliko cha siku ile ya bafu. Mkojo unaoshwa kwa Jik. Hiki angekiosha na nini?

"Sema kwa Kiswahili," akamwambia kwa sauti iliyopita mngurumo wa injini. "Na Mzee Atiba asikie."

"Chebet, tafadhali..."

"Sema! Hayo hayo uliyoniambia. Usiongeze, usipunguze."

Mzee Atiba akawatazama, mmoja kisha mwingine. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo, na injini ikazima. Katika ukimya ule Kipchumba alionekana mdogo sana. Akatazama tena alikokuwa Ryan. Ryan alikuwa ameshaondoka, shati jeupe linapotelea kati ya magari.

"Gurudumu la mbele lina ufa," akasema hatimaye, macho chini. "Nilimwambia ashuke."

Mzee Atiba akavua helmeti taratibu. Hakupaza sauti. Alifikiri kwanza, kama mtu anayepanga maneno ya lugha aliyojifunza ukubwani, asije akakosea.

"Kwa hiyo yeye ulimwambia ashuke," akasema. "Na mimi uliniombea."

Kipchumba akanyoosha mkono kumsaidia mkewe kutoka. Chebet akautazama ule mkono, kiganja bado kina vumbi jeupe la rimu, akafungua mikanda, akamwomba Mzee Atiba atangulie kushuka, kisha akapita juu ya viti na kutokea upande wa dereva.