Tarishi Haulizi

Shangazi alimrekodi bibi akisimulia, mara arobaini na mbili, kabla kiharusi hakijamfunga ulimi. Sauti zote zilikuwa kwenye kompyuta ya shangazi, katika chumba chake cha kushonea. Mimi nimemaliza shule, nipo nipo tu, kompyuta ndiyo kiburi changu. Nikamwambia niachie, nitaziondoa kelele za cherehani, na nakala nitakutengenezea.

Sikutaka kukaa katikati ya vitambaa, basi nikaunganisha laptop yangu na kompyuta yake. Folda yake ikatokea kwangu kama ya kwangu kabisa. Ujanja wenyewe uko hivi: ukifungua faili, kiini cha mfumo, yule bosi wa kompyuta, hakiendi kwenye diski. Kinaita programu ya kawaida tu, kama tarishi wa ofisi: nenda kaulize. Tarishi anakimbia mpaka kompyuta ya pili, anarudi na jibu. Wewe safari huioni, unaona folda tu.

Nilimweleza shangazi hayo yote kwa madaha. Akacheka. "Haya, Profesa."

Wiki mbili sijagusa kitu. Halafu nikataka kuweka gemu, laptop ikasema imejaa. Nikaiona ile folda. Nikajiambia, hizi ni nakala tu, zenyewe ziko kwa shangazi. Nikafuta.

Nafasi haikuongezeka hata kidogo. Hapo ndipo nikaelewa. Tarishi alikuwa ameipeleka kwa shangazi hata hiyo amri ya kufuta, mbio vilevile, wala pipa la taka hakupitia.

Jumapili shangazi akasogeza kiti cha bibi karibu na kompyuta. "Mama, leo utajisikia mwenyewe! Profesa, weka ile ya kwanza."

"Shangazi, leo mtandao..."

"Mtandao wa nini? Si ziko humu humu?"

Akafungua mwenyewe. Folda nyeupe, tupu.

"Nilifuta," nikasema. "Nilidhani ni za kwangu."

"Zote?"

"Zote."

Bibi hakuwa anatazama kompyuta. Alikuwa ananitazama mimi.

Shangazi hakupiga kelele. Bora angenizaba kofi. Akachukua daftari la vipimo vya wateja, akafungua ukurasa mtupu, akanisukumia pamoja na penseli.

"Umekaa nazo wiki mbili, na masikio unayo. Andika unayokumbuka kabla hayajapotea nayo."

Nikashika penseli, nikainama. Sikuwa nimesikiliza hata moja.