Mwongozo Wenye Alama ya Pasi

Mizani aliingia dukani kwa Mama Raba saa saba mchana, wakati wa mapumziko ya kazi, akaomba mwongozo wowote wa mtihani wa kujiunga na chuo cha biashara. Alisema hivyo hivyo: wowote. Jamani, mtu akinunua nyanya huchagua, sembuse kitabu cha kuamulia maisha yake! Lakini tangu mdogo wake afariki, miezi minane sasa, Mizani alikula kwa sababu ni saa ya kula na kulala kwa sababu ni saa ya kulala. Msibani hakutoa chozi. Watu walisema ana moyo wa jiwe, naye hakuwa hata na nguvu za kukasirika.

Jina la Mizani alipewa na huyo huyo mdogo wake, Kitinda, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima vifurushi kwenye ofisi ya mizigo. Weka, soma kilo, gonga muhuri, haya, mwingine. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu. Walikuwa wamejiandikisha wote wawili, na nafasi hiyo haikuweza kuahirishwa tena. Asipoufanya safari hii, atagonga muhuri mpaka astaafu.

“Wowote haupo,” alisema Mama Raba. “Hapa watu wanachagua.”

Mama Raba aliuza vitabu vilivyokwisha kutumika, na hakuna kitabu kilichopanda rafu yake kabla hajakifuta majibu ya penseli, ukurasa kwa ukurasa, kwa raba aliyoifunga kamba shingoni isipotee. “Mimi siuzi kitabu chenye akili za mtu mwingine,” alipenda kusema, hata kwa asiyemuuliza.

Akapanga vitatu juu ya meza. “Huu mwembamba ni wa wavivu, hata usiuguse. Hili tofali ndilo toleo jipya, lina ile sehemu mpya ya kusoma majedwali. Huu wa katikati unaeleza vizuri, lakini umeshapitwa na wakati. Ningekuwa wewe, ningebeba tofali nikanyamaza.”

Mizani aliutazama ule wa katikati. Kwenye jalada palikuwa na alama ya kahawia, ncha ya pasi. Pasi hiyo aliiweka yeye mwenyewe, jikoni kwao, siku Kitinda alipomcheka kwa kukosa swali la hesabu za sehemu mpaka akasahau ameshika nini.

Kitabu walikuwa nacho kimoja. Kitinda aliandika majibu yake upande wa kushoto, Mizani upande wa kulia, kisha wanafunua nyuma kuhakikisha. Aliyekosa anachekwa hadi mwenzake atosheke; hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Walipochoka, walichora mstari kwa kalamu ya wino na kuandika chini yake: asivuke mtu. Kesho wanaanzia hapo, pamoja.

“Hiki umekipata wapi?” aliuliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza kifurushi kina nini ndani. Moyoni alikuwa na jibu tayari: mjomba. Mjomba ndiye aliyefungua chumba cha Kitinda baada ya matanga, na tangu Mizani alipokuta rafu ya vitabu tupu, hapokei simu zake.

Mama Raba alimwangalia usoni, kisha sare yake ya kazi. “Si wewe uliyekileta?”

“Mimi?”

“Wewe, mwanangu. Na boksi zima, umelikumbatia. Nikakuuliza, humu mna maandishi ya watu wawili, nifute? Ukasema futa. Nikauliza tena, maana mdomo ninao lakini na macho ninayo. Ukasema futa vyote.”

Mizani alijaribu kukumbuka boksi, njia, hata hali ya hewa ya siku hiyo. Hakuona kitu. Maskini mjomba wa watu, miezi minane ananuniwa kwa kosa asilolijua.

“Sawa,” alisema. “Nifungie tofali.”

Mama Raba alitikisa kichwa, akaenda nyuma kutafuta karatasi ya kufungia. Mizani akabaki na kile kitabu mbele yake, akakifunua kwa sababu mikono haikuwa na kazi nyingine. Kushoto peupe, kulia peupe. Mama wa watu alifanya kazi yake sawasawa. Mistari tu ndiyo iliyobaki, kwa kuwa raba haiwezi wino. Aliifuata jioni moja baada ya nyingine, mpaka ukurasa wa tisini na nne, kwenye mstari uliopinda kidogo. Jioni ile Kitinda alikuwa ameanza kulalamika homa. Asivuke mtu.

Chini ya mstari palikuwa na swali ambalo wao hawakuwahi kuligusa. Mafundi wawili wakishirikiana hujenga ukuta kwa siku sita. Mmoja akiwa peke yake hutumia siku kumi. Je, yule mwingine peke yake atatumia siku ngapi?

Penseli ya Mama Raba ilikuwa mezani. Mizani aliichukua, akatoa sita kwenye kumi, akaandika upande wa kulia: nne. Akafunua nyuma. Kumi na tano.

Alirudi kwenye ukurasa, akangoja. Ndipo alipoelewa anangoja nini. Wawili siku sita, mmoja peke yake siku nne? Alijua hasa Kitinda angesemaje, huku ameshika mbavu: “Kwani yule mwenzake alikuwa anabomoa?”

Hakuna aliyesema. Swali amelikosa vibaya, na hapakuwa na mtu wa kumcheka. Ikamuuma. Ilimuuma kifuani, mahali hasa, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kupata damu. Machozi yakamtoka, akaacha yatoke.

Mama Raba alirudi na tofali lililofungwa. Akaona lile jibu jipya la penseli, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaishika raba ya shingoni, akainama.

Mizani alifunika ukurasa kwa kiganja.

“Acha, mama,” alisema. “Hiki nakichukua pia. Usifute.”