Usimmalizie

Januari ya mwaka 1974 Costancia alimshika mkono binti yake Yudith, wakateremka kutoka kitongoji chao cha mlimani hadi shule iliyokuwa kando ya barabara ya Mikumi, mwendo wa saa moja na nusu. Yudith alikuwa na miaka saba. Gauni alilovaa alishonewa na mama yake kwa kitambaa cha pazia, na lilikuwa bado linanukia duka.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Theodory, alikuwa ameweka meza nje akiandikisha. Yudith alipiga goti kama alivyofundishwa.

"Shi-shi-shi..."

Neno lilikwama. Mwalimu alisubiri kidogo, kisha akainua kalamu. Watoto waliokuwa kwenye mstari wakaanza kucheka, mmoja akamuiga, wote wakamuiga.

"Mama," alisema Mwalimu Theodory, "mtoto akishindwa kunisalimia, darasani atafanya nini? Nina watoto tisini na walimu wawili. Mrudishe nyumbani. Ulimi ukifunguka, mlete."

"Na usipofunguka?"

"Basi atalima. Jembe halihitaji maneno."

Costancia alikuwa amesoma kwa masista kule Kilosa mpaka darasa la sita, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha hata masista wenyewe: ukimwambia jambo haliwezekani, huondoka akilifanya.

"Nitamfundisha mwenyewe," alisema.

"Utamfundisha nini, mama?"

"Kile kilichokushinda wewe."

Kusoma hakukuwa tabu. Kabla ya mvua za masika Yudith alikuwa anajua herufi zote, na alikuwa anaandika majina ya kuku wao kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Tabu ilikuwa kusimulia. Kila jioni, kabla chakula hakijaiva, Costancia alimtolea ngano moja, halafu akamwambia, "Haya, sasa wewe." Yudith alitazama chini.

"A-alikufa," alisema.

"Nani alikufa? Alianzaje mpaka akafa?"

"Fi-fisi."

Basi. Mtoto alikuwa amegundua kwamba mwisho wa hadithi ndio mfupi kuliko sehemu nyingine zote, na akishausema anaachwa apumzike. Costancia alijaribu kumpa kitumbua akifika katikati. Alijaribu kumsaidia: Yudith akikwama kwenye neno, yeye hulimalizia haraka. Ikawa mbaya zaidi. Sasa mtoto alianza neno tu, kisha akamtazama mama yake alichukue.

Jioni moja Costancia alishindwa kuvumilia. "Kwani huikumbuki? Nimekutolea sasa hivi!"

Yudith alikunja uso. Kwa mara ya kwanza alijibu kwa hasira, na sentensi yake ilichukua muda mrefu kama wa kumenya kiazi.

"We-wewe si una-una-unaijua?"

Costancia aliweka mwiko chini. Mtoto alikuwa amesema kweli. Nani amsimulie mtu jambo ambalo mtu huyo ametoka kulisema mwenyewe?

Wiki ile ile tembo waliingia kwenye shamba la jirani yao, mama mtu mzima aitwaye Bibiana. Bibiana alitoka na debe, akalipiga kwa mchi mpaka tembo wakarudi porini. Yudith aliyaona yote akiwa juu ya kichuguu. Baba yake, Lazaro, hakuyaona, kwa sababu alikuwa anakata miwa Kidodi na alirudi nyumbani Jumamosi tu, kwa kudandia lori la miwa mpaka njia panda. Jumamosi hiyo Costancia alimwambia mumewe, "Keti hapo. Mwanao ana habari. Mimi sitasema hata neno."

"Te-tembo wa-wali-walikimbia," alisema Yudith.

"Tembo gani?" aliuliza Lazaro, na kweli alikuwa hajui. "Wapi?"

"Kwa Bi-Bi-Bi..."

"Bibiana?"

Costancia alimgonga goti. "Usimmalizie."

"Nilikuwa namsaidia."

"Unamnyang'anya. Subiri."

Lazaro alisubiri. Alipouliza tembo walikuwa wangapi, Yudith alihesabu kwa vidole. Alipouliza Bibiana alilitoa wapi debe, ilibidi mtoto arudi nyuma, aanze na asubuhi, Bibiana alipokuwa anachota maji. Alikwama mara nyingi, na jua lilishuka wakiwa bado hawajafika kwa tembo wa pili. Lakini Lazaro alitaka kujua, na Yudith akaona kwamba anataka kujua. Hadithi ilifika mwisho ikiwa imeanzia mwanzo.

Tangu siku hiyo ndivyo walivyosoma. Wiki nzima Yudith aliokota habari, na Costancia alimuuliza maswali manne tu: nani, wapi, ikawaje, ukajuaje. La mwisho ndilo alilolikazania. "Kama hukuona, useme hukuona," alimwambia. Kigugumizi hakikuondoka. Kilichoondoka ni ile tabia ya kuogopa kimya kilicho katikati ya neno.

Mwezi wa nane Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilifika mlimani. Wote walikuwa wameshaambiwa watahamia kijiji kipya kando ya barabara, wakae pamoja, walime pamoja, wapate maji na zahanati. Wengi hawakukataa. Walichoomba ni muda wa kuteremsha mahindi, maana walikuwa wamemaliza kuvuna. Bwana Melkizedek, aliyepewa kazi ya kusimamia uhamisho, aliwapa siku tatu. Yeye na mgambo wakaja siku ya pili.

Bibiana alimwomba ampe muda mpaka mchana, atoe mahindi kwenye kihenge. Melkizedek alisema lori halimsubiri mtu, na kwamba nyumba ikibaki imesimama watu watarudi usiku kama fisi. Akachukua kibiriti yeye mwenyewe. Nyasi za paa zilikuwa kavu. Moto ulitoka nyumbani ukaingia kwenye kihenge, na Bibiana akapandishwa kwenye lori na jembe lake na kuku mmoja, bila kulia, mdomo ameukaza.

Jumamosi Lazaro aliwakuta kijiji kipya, chini ya turubai. Yudith alimsimulia. Alisimulia kwa utaratibu, nani, wapi, ikawaje, na Lazaro safari hii hakuuliza swali hata moja. Ilipoisha alisema taratibu, "Hii usiisimulie kwa watu."

"Kwa nini?" aliuliza Costancia. "Umesikia uongo ndani yake?"

"Sijasikia uongo. Ndiyo maana."

"Basi mimi sitamfundisha mtoto kusema kweli Jumamosi na kunyamaza Jumatatu. Ukitaka hilo, mfundishe wewe."

Lazaro alienda kukaa nje. Hakulitaja tena, wala hakumkataza tena.

Mwezi wa kumi alikuja mgeni wa serikali kutoka Kilosa kukagua uhamisho, mzee mrefu mwenye miwani na daftari. Wanakijiji waliitwa kwenye ofisi ya kijiji, ambayo ilikuwa na kuta tatu na haijaezekwa. Melkizedek alitoa taarifa. Alisema watu walihama wenyewe kwa moyo mkunjufu, na walihama na chakula chao chote. Bibiana alikuwa ameketi mstari wa mbele, akitafuna kucha zake. Miezi miwili sasa alikuwa anaishi kwa mboga za maboga na unga wa kuombaomba.

Mgeni aliandika, kisha macho yake yakamwangukia Yudith. "Mtoto huyu mbona hayuko shule saa hizi?"

"Mama yake mkaidi, mheshimiwa," alisema Melkizedek. "Anamficha nyumbani. Ndio watu wanaoturudisha nyuma hao."

Costancia alisimama. "Shule ilimkataa kwa sababu ya kigugumizi. Namfundisha mimi. Anasoma, anaandika, na anasimulia."

Mgeni aliinama kidogo. "Unasimulia nini, mwanangu?"

"Shi-shi-shi..." Yudith alipiga goti, "shikamoo."

"Marahaba."

"Na-nasimulia ni-nilichoona. We-wewe hu-hukuwepo?"

"Sikuwepo wapi?"

"Si-siku ya lo-lori."

"Sikuwepo," alisema mgeni, akaweka kalamu juu ya daftari.

 Costancia aliona mikono ya Melkizedek inatafuta pa kushika. Angeweza kumwita mtoto, kumwambia inatosha. Alibaki amesimama.

"Bi-Bibiana a-ali-aliomba mpaka m-mch..."

"Anasema aliomba kuhama mapema," Melkizedek alidakia. "Mtoto huyu ni mgonjwa, mheshimiwa, tuendelee."

"Si mgonjwa," alisema Costancia. Sauti yake haikuwa kubwa. "Amekwama kwenye neno, na neno ni lake. Atalitoa. Wewe umesema tangu asubuhi, hakuna aliyekukatiza."

"Mama, kaa chini!"

"Nitakaa mtoto akimaliza."

Mgeni aliinua mkono, Melkizedek akanyamaza. Wakasubiri. Wanakijiji zaidi ya arobaini, mgambo wawili, mgeni wa Kilosa na daftari lake, wote walisubiri neno la mtoto wa miaka saba, na neno likatoka.

"Mpaka mchana. A-atoe ma-mahindi. A-akakataa. A-akachukua ki-kibiriti."

"Nani alichukua?"

Yudith hakunyoosha kidole, kwa kuwa mama yake alimkataza kuwanyooshea wakubwa vidole. Alitaja jina. Jina la Melkizedek ni refu, na lilikwama mara tatu, na kila lilipokwama watu walilisikia upya.

"Na mahindi yakaungua? Ulijuaje?"

"Pa-palinukia bi-bisi," alisema Yudith. "Mlima mzima. Na-na mimi nili-nilitamani. Ha-halafu nikaona a-aibu."

Bibiana aliyekuwa hajalia siku ya lori alijifunika uso kwa khanga. Wengine wakaanza kusema, mmoja mmoja, kila mtu na kihenge chake. Mgeni aligeuza ukurasa wa daftari na kuanza kuandika upya.

Baada ya siku kumi lilikuja lori la mahindi, na Bibiana alikuwa wa kwanza kupewa. Melkizedek hakuondolewa. Aliitwa Kilosa mara moja, akarudi amenuna, na kabla ya jua kuzama alikuwa amemtafutia Costancia adhabu: achimbe shimo la choo cha shule, peke yake, kwa siku tatu, kwa kosa la kuvuruga mkutano.

"Futi ngapi?" aliuliza Costancia.

"Kumi."

"Nitachimba kumi na mbili. Watoto ni wengi."

Alimaliza kwa siku mbili. Bibiana alikuja na ndoo kuvuta udongo, na alipoambiwa haruhusiwi alisema hasikii vizuri siku hizi. Siku ya tatu, kwa vile adhabu ilikuwa bado inaendelea, Costancia hakwenda nyumbani. Aliketi na Bibiana juu ya lundo la udongo, mbele ya madirisha ya darasa la kwanza, akamwita Yudith.

"Bibiana hajui habari ya nyoka wa jana kisimani," alisema. "Msimulie."

Yudith alianza. Vichwa vilijaa dirishani. Mtoto mmoja aliiga kigugumizi, wenzake wakamwambia anyamaze, wanataka kusikia nyoka alikoingia. Mwalimu Theodory alitoka na fimbo yake ya kuonyeshea ubao, akasimama. Alifungua mdomo mara mbili Yudith alipokwama, na mara zote mbili Costancia alimtazama, akaufunga. Akasikiliza mpaka nyoka akatolewa kwenye ndoo.

Kisha akakohoa. "Mlete Jumatatu," alimwambia Costancia. "Nitampa nafasi ya mbele."

"Mbona unaniambia mimi?" alisema Costancia, akipangusa udongo kwenye magoti. "Muulize mwenyewe."

Mwalimu alisita. Halafu, mbele ya darasa lake zima, alimgeukia Yudith na kumuuliza kama angependa kuja.

Yudith alitazama madirisha, akatazama fimbo, akatazama mama yake, ambaye hakumpa msaada wowote.

"Ni-nita-nitafikiri," alisema.