Rangi ya Kaharabu

Mzee Tsai Bun-hiong alikuwa akibadilisha nambari za rangi tangu asubuhi, na bado maandishi ya kompyuta yake hayakufanana na yale ya kiwanda chake cha zamani, huko Taoyuan. Alitaka lile dirisha jeusi la kuandikia amri liwake kaharabu, manjano ya asali, kama skrini alizokuwa akitengeneza pamoja na marehemu mkewe, Siok-hun, miaka arobaini iliyopita. Skrini ya mwisho ya aina hiyo ilikuwa imemfia stoo. Alihofu rangi ile ingemtoka kichwani, na uso wa Siok-hun uifuate.

"Baba, hiyo ni rangi ya chungwa bovu," alisema binti yake, Giok-lan, akiweka chai mezani.

"Wewe unajua nini? Ulikuwa hujazaliwa."

"Haya, iulize pakiti yako." Juu ya mashine palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio, ile wanayoiweka mafundi wa kwao kama hirizi, ili mashine isilete ukorofi. "Au nayo imeshindwa?"

Mzee hakucheka. "Mama yako angeijua mara moja. Kiwandani yeye alikaa mbele ya skrini akitazama picha. Mimi nilikuwa nyuma na bisibisi. Akisema 'kushoto', nageuza. Akisema 'basi', naacha."

"Kumbe! Kwa hiyo skrini yenyewe hukuwa ukiiona?"

Ni kweli. Miaka sita kiwandani, kutwa nzima, mzee hakuwa akitazama skrini. Alichungulia juu yake, pale mwanga ulipoangukia mashavu ya Siok-hun.

Akainuka, akavuta pazia. Akaigeuza skrini imwelekee binti, naye mwenyewe akaketi nyuma ya skrini, kibodi mapajani.

"Kaa hapo. Usiniangalie mimi, angalia maandishi."

"Makubwa leo!" Giok-lan akacheka, lakini akakaa.

Mzee akabonyeza kitufe cha kuongeza kijani kwenye rangi ya maandishi, mara moja, mara nyingine, macho yake hayabanduki shavuni mwa binti. Akazidisha, akarudisha kidogo. Kidole kikasimama. Pale, chini ya jicho, mwanga ulikuwa umetua kama ulivyokuwa ukitua zamani, na binti alikuwa amekunja paji la uso vilevile kama mama yake.

"Tayari, Baba? Shingo inaniuma."

"Bado kidogo," akasema mzee, na mikono yake ilikuwa imekwisha kuiacha kibodi.