Upande Alioegemea

Tik. Tik. Tik-tik. Uzi uliooza hukatika kimya. Uzi mzima hulia kama ukucha unaokatwa. Ndiyo maana nafumua kiti nikiwa nimefumba macho: sikio linajua kabla ya jicho mahali ambapo ngozi itachanika. Kiti hiki kililia kuanzia mshono wa kwanza hadi wa mwisho. Nyuzi za Mercedes ya baba yangu hazikuwa zimekubali kushindwa.

Nilipofumbua macho nililiona gari lenyewe, milango imevuliwa nguo, dari limebaki bati tupu.

"Masta Ntiamoah!" Fuseini, mchomea vyuma wa banda la jirani, aliniita huku kofia ya kazi ikiwa imemkaa kisogoni. "Unashona gari au gauni la bibi harusi?"

"Shughulika na mabati yako. Hii si kazi ya mikono iliyozoea nyundo."

"Haya, bwana mkubwa. Ila kumbuka bibi harusi wako anaolewa na binamu yako."

Suame nzima, mtaa wetu wa mafundi magari, ilicheka. Mimi sikucheka. Kwetu sisi Waasante mali ya mwanamume humfuata mtoto wa dada yake, na mtoto wa shangazi yangu ni Dankwa. Gari lilikuwa limefungiwa uani kwa shangazi tangu mazishi ya baba. Jumamosi tungetimiza mwaka. Dankwa angemwendesha mama yangu hadi kanisani, kisha angeshika njia ya Accra na gari lisingerudi Kumasi tena. Mama alikuwa ameomba safari hiyo moja tu. "Nikae mbele," alisema, "kama zamani." Dankwa akakubali, kwa sharti kwamba ndani kote kuwe kupya.

Nami nikaapa moyoni kwamba mama atapanda gari changa kama siku lilipoletwa, na Dankwa atakalia sindano yangu maisha yake yote. Hicho ndicho kilikuwa kisasi changu: kazi isiyo na dosari.

Nilianza na kiti cha dereva. Ujanani, baba alianguka kutoka juu ya lori la kakao akaumia nyonga, na kwa miaka thelathini aliendesha akiegemea kushoto. Springi za upande huo zilikuwa zimelala. Manyoya ya farasi yaliyojazwa kitini yalikuwa yameshindiliwa hadi yakafanya bonde la kutosha bakuli la fufu. Niliona kasoro. Fundi akiona kasoro huiondoa. Nikatia springi mpya, nikajaza upya, nikavika ngozi nyekundu ya rangi ya mawese, mshono wa mistari miwili iliyonyooka kama reli.

Manyoya ya zamani niliyachoma siku ileile. Kwenye mabanda yetu kijazo cha marehemu hakilali karibu na kazi ya walio hai. Nilisimama kando ya pipa nikipiga mluzi, na moshi ukanuka nywele.

Alhamisi mama alikuja na kenki mbili, madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, bado amevaa vazi jeusi la ujane. Alilizunguka gari polepole, akigusa mlango mmoja mmoja.

"Umelifanya changa," alisema.

Nilijisikia mrefu kuliko banda. Nikamfungulia mlango. Akakaa kwenye kiti chake cha mbele, ambacho sikuwa nimekigusa bado, na ngozi iliyopauka ikahema chini yake. Kisha, bila kutazama, mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye kiti cha dereva, ambacho kwetu Ghana huwa upande wa kushoto, kama mtu anayepapasa kitanda alfajiri. Ukasimama. Kiganja kikabonyeza mara moja. Mara ya pili.

"Yuko wapi?"

"Nani, Mama?"

"Alikuwa anaegemea hapa. Nikiweka mkono, unateremka wenyewe." Alikuwa bado anabonyeza. "Yaliyokuwa humu umeyaweka wapi?"

Niligeuka nikatazama pipa.

"Nimeyachoma."

Aliitikia kwa kichwa kama aliyetajiwa bei ya nyanya. Fuseini, aliyekuwa ameinua nyundo, aliishusha bila kugonga.

"Mwaka mzima sikwenda kaburini," mama alisema. "Nilijiambia kule kuna jeneza tu. Yeye yuko garini. Jumamosi nitakaa naye."

"Naweza kukibonyeza, Mama. Nitaweka mawe. Nitavunja springi hizi zote."

"Mawe hayana nyonga yake, Ntiamoah."

Nilitazama mishono yangu, mizuri, imenyooka, na nikatamani mikono yangu iwe ya mtu mwingine. Dankwa na shangazi walimchukulia baba gari lake, nami nikakaa mwaka mzima nikiwachukia. Lakini waliliacha bonde lake mahali pake. Ni mimi niliyelifukia, nikipiga mluzi.

"Dankwa anataka viti vifanane?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi fungua na hiki changu. Nikiona."

Alishuka, akashikilia mlango. Nilichukua wembe, na kwa mara ya kwanza sikuweza kufumba macho. Tik. Tik. Ngozi ikafunuka. Chini yake palikuwa na bonde lake mwenyewe, dogo, la mwanamke mwepesi. Halikuwa katikati. Lilikuwa limeelekea kushoto, upande alikokuwa dereva.

Niliinua manyoya yale yote kwa mikono miwili, nikihofia yasije yakabomoka. Pipa lilikuwa hatua tatu kutoka hapo, majivu ndani yake.

"Haya usiyachome," mama alisema. "Siku yangu ikifika, uniwekee chini ya kichwa. Niahidi."

Fuseini alikuwa ameshavua kofia.

"Nakuahidi, Mama," nilisema, kwa sauti ya kusikika hadi banda la pili. "Nitakuwekea mwenyewe, kwa mikono hii hii. Na nitayageuzia kushoto."