Kisanduku Nilichokivika Kitambaa

Kama una mtoto mbali na mnaonana kwa kompyuta, inuka kwanza ukatazame kisanduku chako cha intaneti umekiweka wapi. Mimi changu nilikiweka pazuri, na nusura uzuri huo unizikie mtoto.

Kitinda mimba wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Anaishi mji wa mbali pamoja na mumewe, dereva wa lori, ambaye nyumbani hulala siku mbili kwa wiki. Mimi nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, safari ndefu nimekatazwa. Basi tukakubaliana, kila siku saa kumi alasiri anakaa mbele ya kamera, namtazama.

Namtazama, simuulizi tu. Mkunga aliyenizalisha ndiye aliyenifundisha: mjamzito atakwambia mzima hata akiwa anazama, wewe tazama uso na vidole. Na mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa. Dada yangu alitutoka hivyo hivyo, akiwa mjamzito. Uso ulimvimba, sisi tukamsifu amenawiri.

Mwezi haukuisha, picha ikaanza kusumbua. Mdomo wa binti unafunguka, sauti inafika baadaye. Mara uso unakuwa viraka viraka, mara unaganda anatabasamu, huku sauti yake inaniambia mambo mengine kabisa. Jumatatu moja nikamwambia uso wake naona umekuwa mpana.

"Ni mtandao wako huo, mama," akasema. "Unaninenepesha bure."

Tukacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Nilizima nikawasha, nikahamisha kompyuta kutoka sebuleni hadi chumbani, wapi. Nikamkumbuka jirani yangu msusi, ambaye nilimpa namba ya siri ya intaneti kwa ujirani mwema. Wateja wake wanakaa saa nne wakisukwa, simu mikononi. Nikasema mchawi wangu ndiye huyu. Nikamfuata mlangoni na maneno yangu yote.

Hakuacha kusuka. "Jirani, huo mtandao wako wiki ya tatu hii haunifikii," akasema. "Niliona haya kukwambia. Bure yenyewe ikiwa hivyo, mtu heri anunue."

Wateja wakaangua kicheko. Nikaondoka nimefura, salamu zikakatika. Laiti ningekuwa na masikio, jibu nilikuwa nimeshapewa: mtandao ulikuwa haufiki hata ukuta wa pili. Lakini mwenye hasira hasikii, anasubiri zamu yake ya kusema.

Alhamisi nikamwita fundi. Watu humwita Kimya, kwa kuwa anaweza kumaliza kazi na chai bila kutoa neno. Alifika saa kumi inakaribia, akauliza kitu kimoja tu, kisanduku kiko wapi.

Nikamwonyesha kwa majivuno. Nilikuwa nimekitoa juu ya meza, vumbi lisikiingie, nikakifungia kwenye kabati la chuma, nyuma ya masinia. Juu yake nikatandaza kitambaa nilichokifuma mwenyewe, ndugu yake yule wa kwenye televisheni na yule wa kwenye friji. Nyumba yangu kila chenye waya kina nguo.

Kimya akakigusa, akaondoa mkono haraka. Kilikuwa moto kama pasi.

"Mama," akasema, "umemfunga jela, halafu ukamvika sweta."

Akanieleza kwamba mtandao unapita hewani, na chuma kinauzuia. Tena hicho kidude kikikosa hewa kinachoka. Lakini alitaka kuhakikisha. Akachukua waya, akaunga kisanduku na kompyuta moja kwa moja. Saa kumi ikagonga, binti akapiga.

Picha ilikuja kama dirisha lililofutwa. Niliona hata kope zake. Nikauona na uso.

Ulikuwa mpana kweli. Macho yamebaki kama tundu za vifungo.

Nikamwambia anyanyue mkono. Akakawia. Vidole vilikuwa vimejaa, cha pete kitupu.

"Pete iko wapi?"

"Nimeivua. Ilikuwa inabana."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

Nikamuuliza kichwa. Akatazama pembeni. "Kinauma tangu jana, na naona nyotanyota. Sikutaka uhangaike, mama, na nyonga yako hiyo."

Kwa hiyo mtandao mbovu ulikuwa umempa pa kujificha, na pazia nilimshonea mimi.

Nilimwambia abebe kompyuta hivyo hivyo akagonge mlango wa jirani. Picha ikayumba, ukuta, sakafu, mlango. Akatokea mwanamke nisiyemjua, mikono ina unga.

"Mwenzangu," nikamwambia, "jina lako silijui. Huyo ni mwanangu. Mpeleke hospitali sasa hivi, usimngoje mumewe."

Akamtazama mara moja, akafungua aproni.

Wakaiacha kompyuta juu ya kiti. Picha ilibaki safi kuliko siku zote, ikinionyesha mlango wazi na ukumbi hauna mtu. Niliutazama ule mlango mpaka chaji ikaisha. Kimya hakuondoka. Alikaa nami, waya mkononi.

Presha ilikuwa imepanda vibaya, wakamtoa mtoto usiku ule ule. Daktari alisema wangengoja hadi kesho yake, tungekuwa tunazungumza msiba. Binti yu hai. Mtoto alikaa siku kumi na tisa kwenye chumba cha joto, na bado kila akikohoa mimi huku nasimama.

Msusi nilimwomba radhi mbele ya wateja wale wale. Akasema mtandao sasa unamfikia mpaka jikoni, nisithubutu kuufunika tena. Kisanduku kipo juu ukutani, uchi, na vumbi lake.

Na wewe usitosheke na picha inayokwama. Mtu akiganda anatabasamu, hilo ni tabasamu la dakika iliyopita. Kata, piga simu, na namba ya jirani yake uwe nayo kabla ya shida. Mimi ile ya mwanamke wa unga nimeiandika mlangoni kwa ndani.

Kitambaa nilikifumua, nikafuma kofia ya mjukuu. Bado inamzidi kichwa.